Sahani za Gernot

Jumatatu, 9 Oktoba

Trier. Nimechoka na safari ndiyo kwanza inaanza.

Gernot ndiye aliyetaka tuje kwa gari hadi huku juu, kisha tushuke na mto Mosel polepole mpaka nyumbani Koblenz, tukila njiani. Kula! Mtu ambaye tangu mionzi ya saratani ya koo iishe mwezi wa saba hajamaliza hata kikombe cha mtindi. Mate hana. Anasema kila kitu kina ladha ya kadibodi, na kikishuka kinakwaruza. Suruali anaifunga kwa mkanda wa mkwe wetu. Ijumaa tunatakiwa hospitalini wamwekee mrija wa tumboni, apewe chakula kwa huko. Basi sikubishana naye. Nilijiambia anataka kuiaga meza, mwache aiage.

Maisha yake yote aliuza vizibo vya chupa kwa wakulima wa zabibu kando ya mto huu. Mimi nilibaki nyumbani na watoto. Alikuwa anarudi Ijumaa ananisimulia samaki wa huyu na mchuzi wa yule, nami nimesimama na sufuria ya tambi.

Leo mgahawa wake wa kwanza umefungwa, ni Jumatatu. Wa pili pia, Jumatatu. Wa tatu umegeuzwa vyumba vya watalii, na pale ilipokuwa inabandikwa menyu sasa pana kisanduku cha funguo chenye namba. Tukaishia kwa Mturuki karibu na stesheni. Gernot aliagiza supu ya dengu, akaikoroga mpaka ikapoa. Nilikula nyama yangu na mkate, halafu nikala supu yake, maana mwenye duka alikuwa anatuangalia kwa wasiwasi. Supu tamu. Ningefurahi zaidi kama ingekuwa mbaya.

Jumanne, 10 Oktoba

Bernkastel. Mabasi, mabasi, watu wenye vijiti vya kupigia picha. Menyu zina picha za chakula na bendera za nchi. Gernot alipita zote mikono nyuma, kama mkaguzi. Sauti yake siku hizi ni ya kunong'ona. Alisema hakuna mwenyeji anayekula hapa.

Akanielekeza kijiji cha mbele, kwa mzee mmoja, Thiesen, mwenye shamba la zabibu na meza chache sebuleni kwake. Mzee alifungua mlango mwenyewe, aproni imelowa.

"Bwana Vizibo! Sisi huku tulishakuzika."

Gernot alicheka bila sauti, mabega tu. Thiesen akaanza kujitetea hata kabla hatujakaa: chupa zake sasa zina vifuniko vya kuzungusha, wateja ndio wanavyotaka, yeye mwenyewe havipendi. Kama mume aliyefumaniwa! Gernot alimpigapiga mgongoni.

Samaki wa mtoni, mchuzi wa divai, viazi vya siagi. Gernot alimkata samaki wake vipande vidogo vidogo akavitawanya sahani nzima, ionekane imeliwa. Ujanja huo naujua. Binti yetu Wiebke aliufanya alipokuwa chekechea. Mzee alipoingia jikoni tukabadilishana sahani, haraka, kama wezi. Nikala samaki wawili.

Thiesen alirudi, akaiona sahani safi mbele ya Gernot, uso ukamng'aa. Akasema basi hizo habari kwamba anaumwa ni umbea mtupu.

Ni samaki mtamu kuliko wote niliowahi kula. Na tumbo linaniuma. Nimekaa kitandani na vifungo vya sketi wazi, sijui nimshukuru Gernot au nimkasirikie.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Traben-Trarbach. Nyama ya nguruwe, mchuzi wa pakiti. Gernot aliunusa tu, akatikisa kichwa. Pua bado anayo. Mhudumu ndiye mpishi, ndiye mshika fedha, peke yake ukumbi mzima, hajapata mtu wa kumsaidia tangu Pasaka. Ningewezaje kumrudishia sahani iliyojaa? Nimekula zote mbili.

Wiebke kapiga simu. Baba anakula? Nimesema anaonjaonja. Kafurahi.

Nataka kulala.

Alhamisi, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulivuka kwa feri ndogo kwenda kwa Gundula Kettern. Mjane, anavuna na kundi la Wapolandi wale wale kila mwaka. Msimu huu anafungua ua wake kwa wageni, anauza divai changa na keki ya vitunguu, basi, menyu imekwisha. Wavunaji walikuwa mezani na buti zao za matope, wanakula kama watu waliopanda mlima tangu alfajiri. Wamepanda kweli. Gernot aliniambia huku hajawahi kula vibaya hata siku moja.

Keki ikaja. Vipande viwili vikubwa, mafuta yanachuruzika, harufu ya vitunguu na nyama ya kukaushwa. Nilikula changu. Gundula alipogeuka kuwajazia wavunaji, nikavuta sahani ya Gernot.

"Irmtrud, hiyo iache hapo."

Gundula hakugeuka hata. Ameona kwenye kioo cha dirisha, nadhani. Alikuja akaondoa sahani zote mbili bila kelele, akamwambia Gernot amfuate jikoni, na mimi nije nikitaka. Hakuuliza ugonjwa. Aliponda viazi na maziwa mgando, akavilegeza mpaka vikawa kama uji, akamwekea kwenye bakuli dogo, kisha akatugeuzia mgongo na kuosha sufuria zake. Hakuna aliyemtazama. Hata mimi nilijilazimisha kutazama kalenda ukutani.

Alikula. Kijiko, anasubiri, kijiko, anakohoa, anafuta macho. Chai yangu ilipoa nikaletewa nyingine, hiyo nayo ikapoa. Alifika nusu ya bakuli. Nusu bakuli! Nilijiona nimeanza kupiga hesabu kichwani, kwamba kumbe inawezekana, viazi, maziwa, uvumilivu.

Hapo ndipo akaniambia. Kwa utulivu, kijiko kikiwa bado mkononi. Kesho hatuendi hospitalini. Aliwapigia kabla hatujaondoka nyumbani, nilipokuwa napakia gari, akafuta.

Nilidhani nimesikia vibaya, kwa vile ananong'ona. Nikamwuliza tena. Akarudia.

Nikasema daktari alishaeleza, mrija unaweza kutolewa. Akasema daktari huyo huyo alieleza kwamba ladha itarudi baada ya wiki chache. Nikasema utakufa njaa, Gernot. Niliyasema hivyo hivyo, jikoni kwa watu. Akageuzageuza kijiko.

"Mrija ukishaingia, hakuna atakayeniwekea tena sahani."

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya, nilimwelewa kabisa. Miaka yote watu wa mto huu wamemwekea sahani mezani, na vizibo vilikuwa sababu tu ya kuingia mlangoni. Lakini nilikuwa nimechoka, tumbo limejaa vyakula vyake vya siku zote hizi, na hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Wiki nzima umewekewa sahani, na mlaji ni mimi," nikamwambia. "Ya kesho siwezi kukulia."

Gundula alizima jiko, akafuta mikono, akatoka nje kwa wavunaji. Nje walikuwa wanacheka kitu. Sisi tulibaki na lile bakuli. Gernot alilitazama, akachota kijiko kingine, akakiweka mdomoni, akashindwa, akakitema kwenye leso. Nilimshika mkono. Ni mwepesi, mifupa tu, kama wa mama yangu mwishoni.

Gundula ametupatia chumba cha juu ya ghala la mapipa. Chini divai mpya inachachuka, nasikia mapovu. Gernot amelala, au anajifanya.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kwenye gari, tunasubiri feri. Iko ng'ambo, inapakia trekta.

Asubuhi Gundula alinipa chupa ya maziwa mgando na viazi vilivyopondwa, amevifunga kwenye taulo. Aliniambia mlangoni kwamba Gernot atawekewa mahali mezani kwake wakati wowote, ale asile. Nikamjibu amwambie mwenyewe. Akasema ameshamwambia.

Gernot hajafunga mkanda wa gari. Ukivuka, kulia ni Koblenz, hospitali, muda wake wa saa nane kama hawajampa mtu mwingine. Kushoto ni kurudi juu, vijiji vyake. Sijamwuliza. Nimeapa sitamwuliza mimi.

Amechukua simu yake. Anapiga.

Nasikia anataja jina, na tarehe ya kuzaliwa. Ni hospitali. Hawamsikii. Anarudia jina. Anajaribu kupaza sauti, inakatika. Herufi kwa herufi sasa. Shingo yote imekuwa nyekundu.

Amenipa simu.

Mwanamke upande wa pili kasema tusubiri kidogo, wametuwekea muziki. Naandika huku nimeibana begani. Nimemwuliza Gernot, niwaambie nini? Amefungua chupa ya maji, anakunywa funda dogo, kidevu kimebanwa kifuani, kama alivyoelekezwa na yule mwalimu wa kumeza wa hospitalini ambaye siku zote alimwona mpuuzi. Funda jingine. Limepita.

Feri imeondoka ng'ambo, inakuja. Ananitazama, amefungua mdomo. Muziki umekatika, yule mama ameshika simu, anasema halo, halo, ni nani —