Mama wa Golikipa

Genova, 3 Februari 1998

Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika. Miguu yako vipi? Mafuta ya zeituni yametoka vizuri?
Mwezi wa tano nacheza mechi yangu ya mwisho ya timu ya taifa ya polo ya majini, dhidi ya Wahungari, tena Dubrovnik, bwawa la Gruž. Kutoka kisiwani kwako Šipan hadi hapo ni saa moja tu kwa meli. Nimekuwekea kiti mstari wa tatu.
Mwanao,
Orsat

Šipan, 20 Februari

Mwanangu Orsat,
Marahaba. Sijambo, ni miguu tu. Mafuta ni mazuri.
Umaarufu wako unanichosha. Tangu sura yako iwekwe kwenye kopo la mtindi, jirani yangu Deša anakula huku akikutazama, kisha anakuja kuniuliza utaoa lini. Padri naye anataka kofia yako ya mchezo ainadi, apate paa jipya la kanisa.
Kuhusu mechi, meli inanichafua tumbo. Nitasikiliza redioni.
Mama yako

Genova, 2 Machi

Mama,
Shikamoo. Goti halijambo.
Meli inakuchafua tumbo, lakini juzi uliipanda hadi kisiwa cha mbali cha Korčula kwenye harusi. Miaka kumi na tisa nacheza polo ya majini, nchi nzima imeniona, hata wasiojua kuogelea. Umebaki wewe. Waandishi wakiniuliza mama anasemaje, natunga. Nimechoka kutunga. Kama unaionea haya kazi yangu, niambie.
Orsat

Šipan, 26 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Goti je? Barua hii nimeianza mara tano.
Nilikuja mara moja. Ulikuwa na miaka kumi na sita, hujawa golikipa bado. Jamaa mmoja mwenye mabega mapana akakukandamiza chini ya maji. Nikahesabu. Nilipofika kumi na moja hujaibuka, nikaruka uzio na mwavuli wangu. Mlinzi akanidaka kiunoni. Wewe hukuona, ulikuwa chini. Ulipoibuka ulikuwa unacheka, na mimi nimekaa sakafuni.
Nione haya ya nini, Orsat? Ninaogopa, basi.
Mama yako

Dubrovnik, 11 Mei

Mama mpendwa,
Shikamoo. Natumaini wewe na Deša mlifika nyumbani salama.
Nilikuona. Watu elfu mbili wananitazama, na mwanamke mmoja mstari wa tatu ameligeuzia bwawa mgongo, kamng'ang'ania Deša mkono. Kocha akaniuliza, "Yule mama kagombana na nani?" Nikamjibu, "Na maji." Nilicheka nusura nifungwe.
Mbona hamkunisubiri? Nilitoka mbio hata sijajifuta, mmeshaondoka.
Mwanao,
Orsat

Šipan, 15 Mei

Mwanangu Orsat,
Marahaba. Tumefika salama. Meli ya mwisho haimngoji mtu, hata awe mama yako.
Deša alinitangazia mechi nzima, sauti imemkauka hadi leo. Kijiji kimepumzika.
Niligeuka mara moja tu, zimebaki dakika mbili, na ndipo wakakufunga bao la nane. Nikarudisha shingo upesi, mkashinda tisa kwa nane. Usimwambie kocha.
Lakini nilikuona. Umeinuka mikono juu, maji yanakuishia kiunoni, kama uliyesimama juu ya meza. Nimemuuliza Deša chini kuna nini, akasema hakuna kitu, ni miguu yako tu inayokuinua.
Ukija Juni, nifundishe kusimama hivyo majini. Nimeshanunua nguo ya kuogelea, ya bluu.
Mama yako