Ulichokifanya kwa Mkono Kule Mhezi

Mama Elia,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyekuwa unalipokea bila kuniambia nikapime presha. Naandika nikiwa ofisini Same, kwenye meza yako. Ndiyo, nimeihamia, iko karibu na feni. Chai imepoa kama kawaida.

Kazi imekua tangu ututoke. Mfumo wetu wa kuandikisha wagonjwa, uliouacha na zahanati chache za milimani, sasa umeshuka mpaka tambarare kwa wafugaji, ambako kuna muuguzi anapanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao. Lile faili lako moja refu, lililoeleza seva zetu zote ziweje, lilituelemea. Ukigusa neno la zahanati moja, mtambo, ile programu inayolinganisha faili na seva, unazikagua zote, na mimi nasinzia mdomo wazi mbele ya wageni. Nimelikata vipande: milima peke yake, tambarare peke yake. Kipande cha kwanza nilikikata vibaya, Salome akanirudishia. Salome ndiye aliyeshika nafasi yako. Ananiamkia "shikamoo mzee", na mimi bado nageuka kumtafuta huyo mzee.

Sheria zako tumezishika. Hakuna kugusa seva kwa mkono. Andika kwenye faili, mwenzako asome, mtambo uonyeshe utaongeza nini na utaondoa nini, ndipo ubonyeze. Mmoja akiwa ndani, wengine wasubiri nje. Ulisema hukuyapata chuoni hayo, uliyakuta kwenye ndiva ya kwenu Mhezi, lile bwawa la kijiji la kumwagilia: mtu hafungui lango kimya kimya, walioko chini mferejini lazima wajue. "Ninyi wa Lembeni mtajulia wapi, Baba Neema? Maji mnayaona kwenye kalenda." Na siku ile nilipoongeza nafasi ya seva kwa kubonyeza tu, nikidhani hutajua! Kesho yake mtambo ukanisema mbele ya watu. Ukaniamuru ninunue maandazi ya ofisi nzima, ukatuitisha msaragambo kama kijijini, tukasafisha mafaili wote kwa pamoja huku mnakula maandazi yangu.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi.

Tulikuwa tunaingiza zahanati mpya, za tambarare na za milimani. Kila kitu kimeandikwa, kimesomwa. Mtambo ukaonyesha vya kuongeza, sawa. Halafu chini kabisa, kitu kimoja cha kurudisha kilivyokuwa: muda ambao seva inaisubiri zahanati ya Mhezi ijibu kabla ya kuikatia mawasiliano. Zamani mtambo haukuwa unaukagua muda huo; niliuongeza nilipokata faili. Kwenye faili ni mfupi, kama wa zahanati nyingine zote. Kwenye seva yenyewe ni mrefu. Kuna mtu aliubadilisha kwa mkono.

Salome akasema, "Mzee, bonyeza tu. Kama haimo kwenye faili, siyo yetu." Na ndivyo ungesema wewe. Kidole kilikuwa tayari. Lakini jina la Mhezi likanishika. Nikampigia Dada Nakijwa, muuguzi wa kule.

"Msiuguse huo," akanidaka kabla sijamaliza. "Huo kauweka Mama Elia. Alikuja kumzika shangazi yake, akapita hapa kunisalimia, akanikuta karibu nalia. Foleni imefika nje, ukungu umeshuka, mtandao unakokota, na kila nikimwandika mtoto mashine inanitupa. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa na kanga yake ya msiba, akafungua kompyuta, akaniambia, 'Jaribu sasa.' Tangu siku hiyo haijanitupa."

Mama Elia! Wewe! Kwa mkono, kwenye benchi, na kanga ya msiba! Na maandazi yangu je?

Nilicheka mpaka Salome akaniletea maji. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana nilikumbuka. Msiba ule ndio uliokuwa safari yako ya mwisho nyumbani. Uliteremka Jumapili, Jumatatu ukalazwa. Najua ungeuandika muda huo kwenye faili ukirudi ofisini. Hukurudi.

Basi nimeuandika mimi. Siyo kwa Mhezi tu. Nimeweka kwamba zahanati yoyote yenye mtandao dhaifu, ya mlimani au ya tambarare, isubiriwe muda ule ule ulioupima wewe kwenye benchi. Salome akasoma, akanikatalia: "Sababu hujaandika, mzee." Mafundisho yako hayo, kwa binti ambaye hata hukumwona. Mstari huo mmoja ulinichosha kuliko msimbo wote. Mwisho nikaandika: "Ukungu ukishuka, muuguzi bado yupo anaandika. Asubiriwe." Akapitisha.

Tukabonyeza. Zahanati mpya zikaingia. Na kwa Mhezi mtambo ukajibu kwamba hakuna cha kubadilisha. Ulichofanya wewe na kilichoandikwa vimekuwa kitu kimoja. Niliutazama mstari huo muda mrefu, kikombe kingine kikapoa.

Elia hajambo. Amerefuka, na ubishi ni ule ule wa mama yake.

Sijui umeacha nini kingine huko milimani, na kwa jinsi nilivyokugundua sasa, sishangai kikijitokeza. Nakuahidi jambo moja: mtambo ukiniambia niondoe kitu ambacho hakimo kwenye faili, nitapiga simu kwanza, hata niwe nimechoka vipi. Kuna mtu chini mferejini.

Pumzika, Mama Elia. Maandazi ya kosa lako nimeyanunua leo asubuhi kwa niaba yako. Tumeyala ofisi nzima. La mwisho nimelila mimi, kwenye meza yako.

Baba Neema