Ushahidi wa Mzee wa Kieni

Skuta, Nyeri
Juni 14

Kwako kaka Gikonyo,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu ya Nyeri. Natumaini wewe, mkeo Nduta na watoto hamjambo huko Mwea, na kwamba kinu cha mpunga hakijaharibika tena. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naoga. Mchele wako ulifika, na tangu Jumatatu naupika mtupu, kwa hivyo usinisifu kwa mapishi.

Juzi uliponiuliza mbona nimenyamaza, nilisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa sawa. Naandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza.

Tangu tumzike Baba mwezi wa Aprili sihisi kitu. Pale kaburini Chaka, watoto wa marehemu tulipoitwa kuweka shada, mimi nilikuwa nikitazama viatu vya mchungaji. Nduta alinipa kitambaa, nikakikunja na kumrudishia kikiwa kikavu. Watu walidhani nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Kisha ukasoma wasifu, ukafika pale uliposema kwamba mzee wetu aliyeachia masomo darasa la nne, maneno yake yameingia kwenye vitabu vya wasomi wa Ulaya. Watu wakapiga makofi. Sasa unataka fundi wa mawe ayachonge kaburini, na unaniomba niyatume kabla ya Ijumaa.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana wewe huwaambia watu nasomea mambo ya Biblia. Wahiti, watu wa kina Uria yule wa Biblia, waliishi nchi ambayo leo ni Uturuki, wakaandika kwenye vibao vya udongo. Neno moja lao limeonekana mara mbili tu katika vibao vyote, na mara moja kibao kimevunjika pale pale penye neno hilo. Katika maandishi hayo, mwanamke anayetakasa nyumba yenye msiba anachinja mbuzi, anatoa kitu ndani yake, anakipaka mlangoni. Kitu gani, hakuna ajuaye. Mimi nilikisia ni taatha, yale majani yaliyosagika nusu tumboni, kwa kuwa tulisikia wazee wa kwetu waliitumia kutakasa. Mwalimu wangu Ujerumani alisema dhana ni nzuri, ila nimtafute mtu aliye hai aliyeona jambo hilo likifanywa mlangoni. Bila shahidi, makala yangu haingechapwa jaridani, na bila makala nisingepata shahada.

Ndiyo maana nilikuja Agosti ile na kinasa sauti. Baba ndiye aliyeitwa kuchinja kila palipokuwa na ruracio, sherehe ya mahari, pale Kieni, nikaona nani atajua kama si yeye. Akaniambia baba yake alibatizwa kabla yeye hajazaliwa, na kwao taatha ilimwagwa shambani iwe mbolea. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, na mara ya tatu nikamtilia jibu mdomoni. Unakumbuka aliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Akasema, "Mimi sijui, maitu. Andika hivyo. Mzee hajui."

Kaka, sikuandika hivyo. Niliandika kwamba mzee wa Kieni, nikamtaja na jina, aliona kwa macho yake taatha ikipakwa mlangoni mwa wafiwa. Yale maneno uliyoyasifu mbele ya watu niliyatunga mimi. Baba alifurahi kusikia jina lake limechapwa, hakuuliza limeandikiwa nini, nami sikumwambia.

Jana niliwaandikia wenye jarida nikawatumia sauti yenyewe. Neno lile la Wahiti litarudi kuwa halijulikani. Huenda wakachukua shahada, na kazi yangu ya kufundisha hapa ikaenda nayo. Nilipobonyeza kutuma nilitarajia kuogopa, au kushusha pumzi. Nikatoka kuanua nguo.

Mwambie fundi achonge jina na miaka tu. Mambo mengine yote nitawaeleza shangazi na watu wa kanisa mwenyewe, usinibebee.

Nisalimie Nduta, na watoto wote. Usinipigie leo. Kasirika kwanza mpaka utosheke. Nakutumia pia ile sauti: ni dakika kumi na moja, Baba anasema hajui mara tatu, na kila mara anasema kwa upole, kama mtu anayejaribu kunisaidia.

Ni mimi dada yako,
Ngendo