Makochi Yaliyokwenda kwa Fundi

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile Mama alipokuletea chai akakukuta umeshaondoka. Kikombe chako bado kipo kabatini. Hakuna anayekitumia, na hakuna aliyekataza.

Mtaani walikuita Mzee Sponji, nawe ulilipenda jina hilo kuliko la kwenye kitambulisho. Maisha yako yote ulikuwa fundi makochi. Ulibana misumari midogo kwa midomo huku unaongea, na sisi tulikuelewa. Hukukalia kiti cha mtu bila kukibonyeza kwanza kwa kiganja. Hata hospitali, siku ya kwanza ya dripu, ulibonyeza benchi ukamwambia nesi, "Dada, hili litatumaliza kabla ya ugonjwa." Nesi alicheka mpaka akasahau alichokuja kukuuliza.

Lakini ulikuwa mbishi, Baba, lazima niseme. Daktari alipotuambia ni saratani ya tumbo, na kwamba dawa ingekwenda kwa mizunguko sita, ulituita sebuleni. Ulikaa kwenye kochi lako la pembeni, moja ya yale uliyoyatengeneza mwenyewe mwaka ulipomuoa Mama. Ukasema, "Naapa mbele yenu. Mkiuza kitu cha nyumba hii kwa ajili yangu, hata kijiko, siku hiyo hiyo naacha dawa." Tulikujua. Wewe ukisema umesema.

Mizunguko miwili tulijikongoja. Mshahara wangu, kibarua cha mdogo wangu, akiba ya Mama, vyote vilikwenda. Tuliazima mpaka watu wakawa wakituona kwa mbali wanavuka barabara. Mzunguko wa tatu ulitukuta mikono mitupu, na bila malipo dawa haitoki. Basi, ulipolazwa siku mbili kuongezewa damu, tuliuza makochi. Mdogo wangu aliyabeba hadi kwenye gari la mnunuzi. Mimi nilifagia pale yalipokuwa.

Ulirudi ukasimama mlangoni. Sebule nyeupe, haina kitu. Mama akaropoka, "Tumeyapeleka kwa fundi yabadilishwe vitambaa."

Jamani! Fundi makochi anaambiwa makochi yake yamepelekwa kwa fundi. Mimi nilitazama chini.

"Fundi gani?" ukauliza.

Mama alikuwa ameshajikoroga, akamalizia kabisa: "Yule wa ng'ambo ya barabara."

Yule ambaye hamkusalimiana naye tangu akuchukulie mteja wa hoteli! Tulingoja uwake. Wewe ulishika fremu ya mlango, ukapumua, ukasema, "Haya. Mwambieni asinipunguzie sponji." Ukaenda kulala.

Tangu hapo kila wiki uliuliza, "Hajamaliza tu? Mvivu sana yule bwana." Nasi tulikuongezea: mara kitambaa kimekwisha dukani, mara cherehani yake imekufa. Mdogo wangu alikuwa anacheka jikoni, "Mzee kaamini." Mimi sikucheka. Niliumia kuona ugonjwa umekufikisha mahali pa kudanganywa kama mtoto mdogo.

Uliendelea na dawa. Wa tatu, wa nne, wa tano. Ulitapika, ukakonda, suruali ukaifunga kwa kamba ya kushonea makochi, na tarehe ikifika wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Pesa za makochi zilikwisha kwenye wa tano. Wa sita tuliuahirisha wiki tatu, tukikuambia daktari amesafiri. Hukuufikia.

Mwezi uliopita yule fundi wa ng'ambo alibisha hodi. Aligoma kukaa kwenye mkeka, akasimama ameshika kofia.

"Binti yangu," akaniambia, "kuna jambo limenikaa kifuani. Baba yako alikuja kibandani kwangu, amevaa koti juani. Akanisalimia. Miaka yote ile, akanisalimia! Akaniambia, 'Wanangu wakikuuliza, au mtu yeyote, makochi yangu yako kwako.' Nikamuuliza, si uwaambie tu kwamba umejua wameyauza? Akasema, 'Nikisema nimejua, itabidi niache dawa. Niliapa mbele yao. Na mimi, fundi mwenzangu, nataka kuishi. Nataka sana.'"

Baba, hukutuambia hata mara moja. Sisi tulidhani unavumilia kwa ajili yetu. Ulipokuwa unauliza habari za makochi, ulikuwa unatuchunga tusije tukakuambia ukweli. Tungejua ulivyoitaka dawa ile, wa sita tusingeuahirisha. Tungeng'oa hata milango tukauza.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye mpaka leo anajilaumu kwa kumtaja yule fundi, ukalazimika kwenda kwake juani ukiumwa, mimi binti yako mkubwa, mdogo wangu, uliyemwita Bosi, ambaye tangu fundi abishe hodi hajaicheka tena habari hii, dada yako, wajukuu zako wawili, wanaobonyeza viti vya watu na kututia aibu, majirani wote uliowatengenezea viti ukakataa malipo, na, upende usipende, fundi wa ng'ambo ya barabara. Hadi leo watu wakimuuliza, anajibu kwamba makochi ya Mzee Sponji yako kwake, bado hajayamaliza.

Hatuna siku ya kukusahau, Baba.