Hôte wa Vumilia

Langley Park, 3 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Goti lako limeamkaje? Mimi ni mzima, ila kelele za ujenzi wa reli hapa kwetu haziishi.

Nina jambo la Kifaransa, mwalimu wangu. Namfasiria mama mmoja Mkongo, Vumilia, anayeomba hifadhi; kesi yake ni tarehe 20. Kwenye maelezo yake ameandika kuwa askari walimchukua "mon hôte". Mfasiri wa kwanza aliweka "mgeni wangu". Lakini Vumilia mwenyewe anasema aliyechukuliwa ni yule mtu aliyemficha yeye, nyumbani kwa mtu huyo. Sasa wakili wa serikali anamwita mwongo: asiye na nyumba atakuwaje na mgeni? Wakili wetu anataka Vumilia akiri kwamba alikosea kuandika, yaishe. Amekataa katakata. Mimi nami nilijua hôte ni mgeni.

Nijibu haraka.

Mwanao, Anitha

Arusha, 4 Machi 2025

Marahaba mwanangu,

Goti linauma, lakini swali lako limenisimamisha.

Hakukosea! Warumi walisema hospes, kwa anayekaribisha na kwa anayekaribishwa pia. Umbo lake hospitem likasagika vinywani mwa watu karne kwa karne, likawa hôte, na Kifaransa kikarithi maana zote mbili. Sisi tuna maneno mawili, mwenyeji na mgeni. Mfaransa husikiliza maneno yanayolizunguka, ndipo ajue ni yupi. Soma mstari unaofuata, anasema alilala wapi? Kisha nakili ukurasa wa kamusi nzito, mpe hakimu. Wala asiombe radhi kwa Kifaransa safi.

Baba yako

Langley Park, 21 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Leo naandika kwa furaha, nikiamini nawe u mzima.

Mstari uliofuata ulisema, "Nililala kwake wiki sita." Nilieleza kama ulivyonieleza, kamusi mkononi. Wakili wa serikali akasema hana swali. Hakimu akamgeukia Vumilia: "Mwenyeji wako aliitwa nani?"

Baba, miaka minne ya makaratasi, hakuna aliyewahi kumuuliza! Akanyoosha mgongo.

"Kalisti Bahati. Alikuwa anashonaka manguo. Hakurudiaka."

Hakimu akamwomba ataje herufi moja moja, akaandika.

Hifadhi amepewa. Lakini tulipotoka nje, alinishika mkono akaniuliza jambo moja tu: "Ameandika muzuri jina yake?"

Nikamwambia nimeliona kwa macho yangu, limeandikwa sawasawa.

Mwanao, Anitha