Kaniki ya Mama

Mtaa wa Gerezani, Jumamosi, 1955

Mvua imekatika, lakini ua wetu bado una matope na moyo wangu ni mzito.

Jumatano tulisoma arobaini ya mama. Kesho yake nikafungua sanduku lake kutafuta vazi la mchezo wetu, ule wa mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, asirudi. Mwalimu anayetuongoza alitaka kanga nyekundu, eti wa viti vya nyuma waone. Nikamwambia mke wa mpagazi hakuwa bibi harusi. Mimi na mdomo wangu.

Mama alikuwa mke wa mpagazi. Baba simjui hata kwa sura.

Kaniki aliyojifunga mama siku ya kumsindikiza baba ilikuwa chini kabisa ya sanduku. Nilipoikunjua ikanijia harufu ya udi, mafuta ya nazi na jasho lake. Nikajifunika nayo uso, nikalia.

Jana nikampelekea Tausi, binti anayecheza nafasi hiyo. Akakunja pua. "Bi Zuhura, mbona inanuka uzee?" Nikaona aibu, mimi fundi wa mavazi ninayejisifia usafi. Nikarudi nayo nyumbani nikaifua kwa sabuni ya mche. Maji yakawa meusi. Nikabadilisha, yakawa meusi tena. Leo asubuhi nilipoianua, nikainusa.

Sabuni tupu.

Sina wa kumlaumu. Tausi hakujua ni ya nani, na mimi sikumwambia.

Mchana nilimsuka mistari mitano ya kwenda kisogoni, kama nilivyomsuka mama miaka yote. Akauliza mbona vidole vyangu vyeusi. Hapo ndipo nikamweleza habari ya kaniki, mpaka mwisho. Nikamfunga kaniki chini ya makwapa, pindo likilalia kushoto, alivyopenda mama.

Saa kumi, zamu yake ilipokaribia, akapita mbele yangu nyuma ya pazia, kichwa kakiinamisha. Nikajisahau.

"Shikamoo, mama."

Mtoto wa miaka ishirini. Angecheka, nisingemlaumu.

"Marahaba, mwanangu," akanijibu taratibu, kisha akaingia jukwaani.

Sikuuona mchezo. Nilikaa nyuma ya pazia nikilia.

Kesho asubuhi anakuja nimfumue nywele, maana Jumatatu anaingia kazini. Rangi bado haijatoka vidoleni. Sijui kama vitakubali kumfumua.