Upande Wako wa Sinia

Kulwa, pacha wangu uliyetangulia,

Nakuandikia kutoka hapa Mtoni, barazani kwangu, na mwili hautulii. Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka getini, nimerudi, nimekaa tena. Mama Rama kaniuliza kama kuna mtu ananitafuta. Nikamwambia nafikiri. Akasema, "Basi fikiri umesimama hukohuko, hicho kiti fundi kakikaza jana tu." Shemeji yako unamjua, mapenzi yake yote yamo kwenye kejeli.

Ishu ni hii, braza. Kesho asubuhi daktari anataka jibu. Nakwenda kukatwa tumbo ili nipungue. Kukatwa nimeshakubali, hilo limepita. Kilichobaki ni kuchagua nikatwe kwa namna ipi, na hapo ndipo mie Doto, mtu niliyefika Durban na Dubai, mtu niliyeagiza chakula kwa Kichina kule Guangzhou na nikaletewa hichohicho nilichokitaka, nimekwama kama kontena lisilo na karatasi pale Kurasini.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa, maana najua ungejifanya hutaki kusikia, halafu ungeuliza yote mpaka mwisho.

Kuna puto. Linapitishwa mdomoni likiwa limesinyaa, linajazwa humo tumboni, unashiba haraka, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Nilipolisikia nikasema hilohilo, funga mahesabu, hakuna kisu. Daktari akatikisa kichwa. Daktari mwenyewe binti mdogo, mtu wa Moshi, umri wa Mwajuma wako, ana sauti ya mwalimu wa chekechea. Aliniamkia vizuri kabisa, kisha akanitazama kama fundi anayetafuta nguzo gani ndiyo iliyobeba nyumba. Akasema, "Baba, puto likitoka, njaa inarudi. Kwa uzito huu na hiyo sukari, utakuwa umekuja kutembea tu."

Kuna ya pili. Wanalikata tumbo kwa urefu, wanakubakizia kipande chembamba kama ndizi, sehemu kubwa inatolewa nje moja kwa moja. Wengi wanafanya hiyo. Kuna na ya tatu, ambayo wanakutengenezea kifuko kidogo juu, kama yai, halafu wanakiunga na utumbo huko mbele. Chakula kinapita njia mpya, tumbo lenyewe kinaliacha pembeni. Daktari akaiita kuchepusha njia. Mama Rama alikuwa kakaa na mkoba wake mapajani, akasema, "Daktari, huyu kuchepuka usimfundishe, anajua." Nesi akatoka nje kwenda kucheka, kisha akarudi na uso wa kazi.

Nami nikacheka, Kulwa. Nilicheka kuliko wote. Lakini macho yalikuwa yameshaupima mlango.

Unajua kwa nini. Tangu tuzaliwe mie sijaingia mahali pa kukatwa bila wewe kuingia kwanza. Jandoni ulitangulia. Nilikuwa nje, nimeshikilia shuka kiunoni, nimeshachagua uchochoro wa kukimbilia. Ukatoka unatembea kama bata, uso umekunjuka, ukaniambia, "Haiumi, Doto." Uongo mtupu. Nilipiga kelele mpaka mzee aliyekuwa anatukata akaniomba nimwonee huruma. Usiku ule tumelala chali wote wawili nikakuuliza mbona ulinidanganya. Ukasema, "Ungeingia?"

Kila kitu ulianza wewe. Kuzaliwa, kuota meno, kufukuzwa shule, kubeba magunia Kurasini, kuoa. Dakika chache tu ulinitangulia kutoka tumboni kwa mama, lakini ukimsikia Kulwa anavyosimulia utadhani alitoka, akalima, akavuna, ndipo Doto akaja. Na sukari ilianza kwako. Kakidonda ka ndara kwenye kidole cha mguu, kitu cha kupaka mafuta ukasahau. Kikala kidole, kikala mguu. Mwaka juzi ukatangulia tena, na safari hiyo hukutoka kuniambia kama inauma au haiumi. Mwezi mmoja baadaye nikapimwa mie. Sukari. Nikamwambia aliyenipima, ndugu yangu, ungeniuliza tu, mwili huu nimeuona ukienda mpaka mwisho.

Basi siku ileile ya maelezo, daktari kashika kalamu, ananiuliza mambo ya kula. "Kwa mlo mmoja unakula kiasi gani, baba?"

Nikasema, "Tunakula sinia."

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Wewe na mama?"

Mama Rama akasema, "Mie simo humo."

"Mie na pacha wangu," nikamwambia. "Kulwa."

Akarudisha macho kwenye karatasi zake. "Si uliniambia pacha wako alifariki?"

"Alifariki. Mwaka juzi."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza polepole, bila ubaya wowote, "Sasa upande wake anakula nani?"

Usicheke, Kulwa. Mie ambaye nimejibizana na maofisa wa bandari tatu, nilianza kumweleza yule mtoto bei ya mchele.

Wewe unakumbuka mstari wa mama. Mzee akirudi kutoka gatini, mama anapakua wali kwenye lile sinia la bluu lililobabuka ukingoni, halafu kabla hatujaosha hata mikono anapitisha kidole katikati ya wali, mstari mnyoofu. Huku Kulwa, huku Doto. Mboga kila mmoja upande wake, nyama juu ya mstari, wewe unagawa kwa sababu ndiye mkubwa. Ukigawa vibaya nalia. Ukigawa vizuri nalia vilevile, ili uongeze.

Tulipokuwa watu wazima mstari ukatufuata mashughulini. Watu wote sinia moja wanakaa wanne, sie letu tunakaa wawili. Kuanzia Mtoni mpaka Mbagala hakuna shughuli ambayo hatukupewa letu. "Mapacha wameingia, leteni lao." Yule mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Tandika, alipokuwa anaoza binti yake, alituma mtu kwanza aulize kama tutakuja, ndipo akaagiza mchele. Na sie tulikuwa tunasikia raha, usikatae. Nilikuwaga naingia ukumbini kifua mbele utadhani mie ndiye bwana harusi. Tunakaa uso kwa uso, nachora mstari kwa kidole, watu wanacheka, tunaanza. Hatukuwahi kuvuka mstari. Hilo watu hawakulijua. Waliona ulafi tu, hawakuona adabu iliyokuwemo.

Ulipoondoka, shughuli ya kwanza niliyokwenda ilikuwa hapahapa mtaani. Vijana wa kugawa wakaleta sinia letu kwa mazoea. Walipofika mbele yangu wakashtuka, mmoja akasema samahani mzee, wakataka kulirudisha wapunguze. Nikawaambia liache. Nikachora mstari. Nikala upande wangu mpaka ukaisha. Kisha nikainua macho, nikaona upande wako umekaa vilevile, pilau inapoa, hakuna kidole kilichougusa. Watu wanapita, wanautazama. Ikawa kama umealikwa ukakataa kuja. Nikaona hapana, ndugu yangu hawezi kuaibika mbele za watu. Nikavuka mstari nikaumaliza.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Shughulini, nyumbani, popote. Nimekula kwa niaba ya watu wawili na hakuna aliyeniuliza, mpaka alipouliza mtoto wa Moshi.

Tulipotoka hospitali Mama Rama hakunitania. Tulikuwa tunasubiri bajaji, akashika mkono wa kanzu yangu, akasema, "Nilikuwa najua. Nikikupunguzia, ulikuwa unatazama upande ule kama mtu anayesubiri mgeni. Nikashindwa." Kisha bajaji ikaja, akamwambia dereva, "Kijana, huyu akae katikati, tusije tukapinduka." Tukarudi nyumbani.

Jumamosi iliyopita tumemwoza Mwajuma. Ndoa imepita salama, pale kwako Gongo la Mboto, uwanja umefunikwa maturubai mpaka barabarani. Mie ndiye niliyemwozesha kwa niaba yako, na nilisema maneno yote bila kukosea, muulize shehe. Mwanao alikuwa kapendeza kupita kiasi. Aliponiaga alinikumbatia akashindwa kufikisha mikono nyuma, akacheka na huku analia, akasema, "Baba mdogo, nenda kakatwe. Nataka nikukumbatie nikumalize."

Sinia likaletwa. Niliwaambia kabisa nichanganywe na wazee wengine, hawakunisikia, likaja letu, limejaa. Nikakaa. Kabla sijanawa, Shabani wako akaja akakaa mbele yangu, upande wako, hakuomba ruhusa wala nini. Mtoto kakuchukua kila kitu, Kulwa. Shingo, kitambi, hata ile namna yako ya kukunja mkono wa shati mmoja tu. Akaniambia, "Chora, baba mdogo."

Nikachora. Mstari ukapinda, akacheka. "Mzee mzima wa bandarini, hata mstari humudu." Tukala. Nilipomaliza upande wangu mkono ukaenda wenyewe, si unajua mazoea. Shabani akaufunika upande wake kwa kiganja. Akasema taratibu, watu wasisikie, "Baba mdogo, huku kuna mwenyewe."

Nikanawa mikono. Nilinawa muda mrefu sana, mpaka kijana aliyeshika birika akaniuliza kama maji yana kasoro.

Baadaye tukiwa tumekaa pembeni nikaona jambo ambalo limeninyima raha mpaka leo. Shabani kanywa maji, kaagiza mengine, kanywa, kainuka kwenda uani, karudi kaagiza tena. Nikamtazama. Akajua ninachokitazama. Akasema, "Najua, baba mdogo. Nitakwenda kupima. Nataka kwanza nione kwako inakuwaje." Kasema hivyo anatabasamu, na jasho linamtoka hapa juu ya mdomo, kama wewe.

Sasa turudi kwenye jibu la kesho.

Nimeuliza watu wote, na hapo ndipo nimeharibu. Jirani anasema ya ndizi, shemeji yake kafanya Nairobi, sasa anavaa suruali za mwanawe. Rafiki zangu wa Kurasini wanasema puto, kwa sababu hawajanisikiliza nilipowaambia puto limeshakataliwa. Mama Rama anasema yoyote, mradi nirudi. Daktari anaegemea ile ya kuchepusha, kwa sababu ya sukari, na kwa sababu ya kiungulia changu, ambacho anasema ile ya ndizi inaweza ikakizidisha. Lakini ya kuchepusha ina masharti. Vidonge vya vitamini maisha yote. Na ukila vitu vitamu, kaimati, halua, soda, moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linavuruga, unatafuta pa kulala. Mie na halua, Kulwa. Mie niliyeificha halua ya Maskati kwenye kiatu ili forodha wasiione.

Jumapili nzima leo nimekuwa upande huu, nimekuwa upande ule. Asubuhi ndizi. Adhuhuri kuchepusha. Alasiri nikasema nisikatwe kabisa, niache chapati, nitembee mpaka Kurasini kila siku. Nikatembea mpaka kwa muuza vocha nikarudi nahema.

Ila kuna swali moja nilimuuliza daktari mwishoni, nimeshashika kitasa cha mlango. Nikamuuliza, hilo tumbo kubwa mnalipeleka wapi?

Akasema, "Kwenye ile ya ndizi, baba, tunalitoa, haliko tena. Kwenye hii nyingine linabaki mlemle. Chakula ndicho halipokei. Lakini linaendelea kutoa maji yake, yanashuka yanakutana na chakula huko mbele."

Nikamwomba arudie. Akarudia, labda alidhani sijasikia vizuri.

Kwa hiyo linabaki, Kulwa. Lile dogo linakula, lile kubwa limekaa kimya pembeni, halilishwi, na bado linasaidia. Kesho nitamwambia daktari nimechagua kuchepusha kwa sababu ya sukari na kiungulia, na ni kweli, sababu hizo zinatosha kwa mtu yeyote mwenye akili. Wewe peke yako ndiye nakwambia hii nyingine. Siwezi kukubali utolewe nje ukatupwe. Kukulisha nitaacha. Kukutoa, hapana.

Na naogopa. Daktari kasema hakuna kisu kisicho na hatari, hakunificha. Nimekuwa mtu wa kukufuata maisha yangu yote, na wiki hizi nikilala naona kama nimeshika shuka kiunoni nasubiri kuitwa, na wewe uko ndani. Samahani, ndugu yangu. Safari hii siji. Nipe muda.

Kwa sababu kuna mtu kasimama nyuma yangu kwenye foleni, ana shingo yako, anakunywa maji mengi. Nikitoka mle ndani nitatembea kama bata, nitakunjua uso wangu kadiri utakavyokubali, nitamtafuta Shabani, nitamwambia haiumi. Akija kuniuliza mbona nilimdanganya, jibu ninalo. Ulinipa wewe.

Lala salama, mkubwa wangu. Mstari nimeuchora, na upande wako nauacha.

Mimi wa nyuma yako,
Doto